Risasi Imemeza Majina ya Wenzake

Taarifa ya polisi ikisema watuhumiwa walikutwa na risasi tano, kwamba maganda matatu ya risasi yaliokotwa chini ya mti, na kwamba daktari alitoa risasi moja kwenye bega la majeruhi, msikilizaji wa redio anaelewa yote bila taabu. Lakini hapo zimetajwa risasi za namna tatu. Ya kwanza ni kitu kizima: ganda la shaba, baruti tumboni, fataki kitakoni, na kile kipande kilichobanwa mdomoni. Ya pili ni mwenye ganda, ambaye keshaondoka. Ya tatu ni kipande chenyewe, kilichoruka na kupenya.

Kwa habari za redio hilo si neno. Shida huanza wawindaji wawili wanapokaa kulinganisha .416 ya Rigby, iliyotoka mwaka 1911, na .375 ya Holland & Holland, iliyoifuata mwaka 1912. Mmoja akisema risasi yake ni ndefu kuliko ya mwenzake, anasema ganda au kinachoruka? Akisema ina gramu 27, amepima nzima au kichwa chake? Elimu yote ya kulinganisha risasi imejengwa juu ya kuvitenga vitu hivyo, nasi tumeviita vyote kwa jina moja. Haishangazi kwamba mazungumzo yakifika hapo Kiswahili huwekwa kando na Kiingereza kikashika usukani.

Tuanze na risasi yenyewe. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini: yale mazito, laini, ya kijivu, ambayo fundi wa betri anayajua kwa mikono yake. Silaha ilikuja baadaye. Maana zote mbili zingali hai. Tuliposikia petroli isiyo na risasi, hakuna aliyefikiria bunduki. Sasa madini hayo yanaondoka kwenye silaha nayo. Jimbo la California, tangu Julai 2019, limeyakataza katika uwindaji wote, kwa sababu ndege wala mizoga, na hasa kondori, humeza vipande vyake na kufa kwa sumu. Wawindaji wa huko hutumia shaba tupu. Kwa Kiswahili cha leo tutaiitaje hiyo, kama si risasi isiyo na risasi?

Ni neno lenye miguu mirefu, lazima tulikubalie hilo. Kongo limekuwa lisasi, na wingi wake masasi. Waganda wanasema essasi, amasasi. Kinyarwanda na Kirundi wana isasu na amasasu. Bunduki zilipopanda bara na misafara, neno lilipanda nazo, na kila lugha ikalivisha ngeli yake. Silitakii neno kama hilo kuvuliwa cheo. Nalitakia kupunguziwa mzigo.

Na wa kulipunguzia wapo, tena ni wenyeji wa nyumba. Fungua kamusi za kale za Kiswahili, zile zilizokusanywa Zanzibar na pwani wakati bunduki za kushindilia zilipokuwa zikipisha zile za kufunguka nyuma, utafute neno kiasi. Baada ya maana zake za kawaida utakuta nyingine: risasi nzima, yenye baruti yake na ganda lake. Bunduki ya viasi ilikuwa ile iliyotiwa risasi nzima kwa nyuma, tofauti na gobori.

Huwa nalitazama neno hili kwa furaha kila ninaporudi kwake. Mwenye gobori alijipimia baruti mwenyewe. Akizidisha, mtutu ungeweza kumpasukia usoni. Akipunguza, nguruwe angeondoka na jeraha tu. Bunduki mpya ikaja na baruti iliyokwisha kupimwa kiwandani, ikafungwa ndani ya ganda, na Mswahili akaona jambo lililo la maana kuliko yote: hiki ni kipimo. Akakiita kiasi. Lugha nyingine zimeita kitu hiki kwa karatasi iliyokizunguka zamani au kwa ganda lake. Sisi tulikiita kwa kazi yake.

Najua utakaloniambia. Kiasi leo ni kiwango, ni bei ya sokoni, ni "kiasi gani?" Mtu akisikia "kiasi cha .375" atadhani ni wingi wa risasi zilizokamatwa. Pingamizi hilo lina uzito, lakini wingi unatuokoa. Kiasi cha maana ile nyingine ni nadra kutajwa kwa wingi, ilhali viasi hivi huhesabika: viasi vitano, viasi viwili, bunduki ya viasi. Msomaji atakosea mara ya kwanza, mara ya pili atazoea, kama alivyozoea kwamba kipenyo cha duara si tundu la ukuta.

Kwa kile kinachoruka, kamusi hizo hizo zina popoo. Popoo ni tunda la mpopoo, lile linalokatwa na kutafunwa kwa tambuu na chokaa. Ni dogo, gumu, la mviringo, na watu wa pwani waliona kwamba kipande kinachotoka bundukini kimefanana nalo. Kwa tonge la risasi la gobori jina hilo lilikaa sawasawa.

Hapa kuna jambo la kupendeza ambalo waliotoa jina hilo huenda hawakulijua. Bunduki nayo ilianzia kwenye kokwa. Bunduq kwa Kiarabu ni njugu ngumu ya mviringo inayoota nchi za baridi, na jina hilo lilitoka kwa Wagiriki, walioihusisha njugu hiyo na Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi. Waarabu wakaita bunduq vidonge vilivyorushwa kwa upinde, kisha jina likapanda kutoka kwenye kidonge hadi kwenye chombo kinachokirusha. Kwa hiyo popoo hutoka bundukini, kokwa ndani ya kokwa, na watu wawili wasiojuana waliona umbo moja.

Lakini je, popoo bado ni popoo? Mwaka 1898 Wafaransa walianza kutumia kichwa kilichochongoka, Wajerumani wakafuata mwaka 1905, na tangu hapo vingi vinavyoruka vina ncha. Kuna mwenzetu atakayesema basi tuchukue chembe, jina la kale la chuma cha mshale, au kigumba. Nimelipima hilo. Chembe ni zuri mno, na chembe cha moyo kipo kifuani pale pale ambapo mwindaji hulenga. Hata hivyo naona popoo liwe jina la jumla, na chembe libaki kwa ncha: popoo yenye chembe, popoo butu. Wanaowinda tembo na nyati hupendelea popoo butu hadi leo, maana hunyooka zaidi ndani ya nyama na mfupa. Mviringo haujatoweka hivyo.

Ganda, baruti na fataki havina mgogoro. Ganda limeshinda lenyewe, kila mwandishi wa habari analitumia. Fataki kwa vijana ni zile za sikukuu zinazorushwa angani, na kwa Mtanzania aliyesikiliza redio miaka ya 2000 ni mzee anayewarubuni wasichana wa shule. Bado ni jina sahihi la kile kikombe kidogo kinachogongwa na kuwasha baruti, na mafundi wa gobori hawajaliacha.

Sasa kalibu. Nani asiyejua kaliba ya bunduki? Wengi wetu tunalichukulia kuwa neno la Kizungu lililotiwa irabu mwishoni. Lifuate nyuma: Kiingereza kililitoa Ufaransa, Ufaransa ikalitoa Italia, na wataalamu wengi wa asili za maneno wanakubali kwamba Italia ililipata kwa Waarabu, kwa qalib, umbo la kumiminia madini. Na neno hilo hilo lilikuwa limeshafika kwetu kwa njia fupi, kwa jahazi. Kalibu ya Mswahili ni chombo cha fundi ambamo madini yaliyoyeyuka humiminwa yakapata umbo. Popoo zilimiminwa ndani ya kalibu muda mrefu kabla ya mtu yeyote wa pwani kusikia kaliba.

Maneno mawili, basi, mama mmoja: moja lilivuka bahari, jingine lilizunguka Ulaya. Tusilifukuze hata moja. Kalibu ibaki ya fundi na moto wake. Kaliba iwe upana wa tundu la mtutu. Ile kaliba nyingine, ya "mtu wa kaliba yake", inayomaanisha hadhi na tabia, ni tawi la mti huo huo: mtu na umbo alilomiminwa.

Namba za kaliba zinadanganya, na afadhali tulijue hilo mapema. .375 ni sehemu 375 za inchi iliyogawanywa mara 1,000, yaani milimita 9.5, na hapo namba ni kweli. Lakini .404 ya Jeffery hurusha popoo yenye upana wa .423. Ya Kijerumani, 9.3x62, aliyoitengeneza Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa ajili ya walioelekea makoloni ya Afrika, inakupa milimita za kaliba kisha urefu wa ganda. Na ile ya Marekani, .30-06, imebeba mwaka wake wa kuzaliwa, 1906. Hayo ni majina ya kupanga, hayatafsiriki. Tuyaandike yalivyo, na tukiyasoma tuyasome kwa Kiswahili: mia tatu sabini na tano, tisa nukta tatu. Hakuna sababu ya kugeuza ulimi.

Wenye nchi za Kiingereza hupima popoo kwa kipimo kidogo kilichotokana na uzito wa mbegu moja ya shayiri. Ratili moja ina mbegu 7,000 za namna hiyo, gramu moja ina 15 na kidogo. Tumekuwa tukiandika greni. Kwa nini, na punje ipo? Punje ya mtama, punje ya mahindi, punje ya shayiri: ni neno lile lile, kwa sababu ile ile. Popoo ya .375 ina punje 300. Mtu wa shamba analisikia hilo na kulielewa. Chembe lingefaa pia, lakini tumeshalipa kazi.

Nakuja kwenye jina la elimu yenyewe. Balistiki limeshaingia, na kwa mitihani ya chuo litatosha. Walakini elimu hiyo ina vyumba vitatu: yanayotokea ndani ya mtutu, yanayotokea hewani, na yanayotokea ndani ya mnyama. Kutumia "balistiki ya ndani", "balistiki ya nje" na "balistiki ya mwisho" ni kupanga samani za wenyewe. Kiswahili kina mashine ya kuzalisha majina kutoka kwenye vitenzi, tena haichoki: mfyatuko, mruko, mpenyo. Tunafyatua mtego, tunafyatua tofali, tunafyatua bunduki, na kote ni kitu kilichobanwa kikaachiwa ghafla. Baruti ikiwaka ndani ya ganda, gesi hubanwa kisha huachia, na huo ndio mfyatuko hasa. Mruko na mpenyo havihitaji mtetezi.

Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojisokota, nayo ndiyo inayotofautisha bunduki ya popoo moja na ile ya marisau. Waandishi huandika raifo, raifoli, raifali, kila gazeti na lake. Fundi seremala ana neno hesi, ile njia ya mzunguko kwenye parafujo. Naipendekeza: bunduki ya hesi. Na kipimo chake kiwe msokoto. Mtutu wa .375 kwa kawaida una msokoto mmoja kwa kila inchi 12.

Kwa upesi wa popoo, vitabu vya fizikia vilitupa mwendokasi. Dar es Salaam ikalichukua, ikalipa mabasi, na tangu 2016 mtu akisema anangoja mwendokasi anajulikana yuko kituoni. Sioni hasara. Kwa bunduki, kasi tupu inatosha, na ile inayopimwa popoo inapotoka iitwe kasi ya mdomoni, maana tundu la mbele la mtutu tumeliita mdomo siku zote.

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Muulize yeyote kwa nini .375 ni risasi ya nyati, atakujibu: ina nguvu. Nguvu gani? Weka .375 karibu na .300 ya Weatherby, ya Kimarekani, ya mwaka 1944. Ya kwanza hurusha punje 300, gramu 19.4, kwa kasi ya mdomoni ya mita 770 kwa sekunde. Ya pili hurusha punje 180, gramu 11.7, kwa mita 990. Piga hesabu ya nishati: ya kwanza jouli 5,750 hivi, ya pili jouli 5,730 hivi. Zimekaribiana mno. Na bado nchi kadhaa za Afrika zinazoruhusu uwindaji wa kitalii zimeweka .375 kuwa ya chini kabisa kwa tembo, nyati na simba, na .300 haigusi mlango huo. Nishati peke yake, basi, haisemi yote.

Kinachosema zaidi ni uzito ukizidishwa kwa kasi, bila kuizidisha kasi kwa yenyewe kama nishati inavyofanya. Kwa hesabu hiyo, uzito ukiwa kwa kilo, .375 ina 15 na .300 ina 11.5. Vitabu vya shule vinaita momenta. Ni neno lisiloshika popote akilini mwa msomaji.

Mimi nasema mkumbo. Maji ya mafuriko yana mkumbo. Umati ukitoka uwanjani una mkumbo, na anayeingia mkumbo hupelekwa asikokusudia. Ni uzito ulio mwendoni, usiosimamishika kirahisi, unaobeba kilicho mbele yake. Sijui maelezo bora ya momenta kuliko hayo, na wasemaji wa Kiswahili wameyabeba ndani ya neno moja tangu zamani.

Mkumbo una ndugu. Popoo ikienda mbele, bunduki hurudi nyuma na kumsukuma mpigaji begani. Tunasema bunduki inapiga teke, na teke ni neno zuri, lina ghafla ndani yake. Lakini kuna kikumbo pia, ule msukumo wa bega unaokuyumbisha pembeni. Maumbile yanataka kikumbo cha bunduki kilingane na mkumbo wa popoo pamoja na gesi zake: unachotupa mbele ndicho kinachokurudia. Kumba moja, mkumbo mbele, kikumbo nyuma. Nimewahi kutafuta katika lugha nyingine jozi inayoionyesha kanuni hiyo ya Newton ndani ya sauti za maneno yenyewe, sikuipata.

Teke tusilitupe, lina kazi yake. Waliozoea bunduki kubwa husema .416 hukusukuma kwa uzito wa polepole, na viasi vya kasi kubwa hukugonga ghafla mpaka meno yakagongana. Cha kwanza ni kikumbo, cha pili ni teke. Mtu anayenunua bunduki anastahili kuambiwa ipi inampata.

Kipenyo lina mtego. Katika hisabati ni upana wa duara, na tumelizoea. Lakini limetoka kwenye penya, na sisi tunahitaji penya kwa jambo jingine: popoo imeingia ndani kiasi gani. Ukiandika "kipenyo cha popoo" msomaji anaweza kukwama. Ndiyo maana nashikilia mpenyo kwa kina, na kaliba kwa upana, hata kama hisabati itabaki na kipenyo chake.

Tofauti hiyo ndiyo iliyompa jina Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, hata akaitwa Karamojo. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa 7x57 ya Mauser, ambayo Rigby waliiuza kwa jina la .275. Popoo yake ilikuwa punje 173 tu, kwa kasi ya mita 700 hivi. Kwa nishati, haifikii hata nusu ya .375. Ila ilikuwa ndefu, nyembamba na ngumu, na Bell alijua ubongo wa tembo ulipo.

Ukiugawa uzito wa popoo, uliopimwa kwa ratili, kwa upana wake wa inchi uliozidishwa kwa wenyewe, unapata namba inayotabiri mpenyo. Ya Bell ni 0.306, ya .375 ni 0.305. Ni karibu sawa! Kilichokuwa hakina jina la Kiswahili ni namba hiyo. Nimefikiria msongo, nikaliacha kwa sababu msongo wa mawazo umelimiliki. Nimefikiria shehena. Mwishowe nikarudi bundukini: wazee walisema kushindilia bunduki, kusukuma baruti na popoo kwa mti mpaka zikabanana. Mshindilio, basi, ni uzito ulioshindiliwa nyuma ya upana mmoja. Popoo mbili zenye mshindilio mmoja, ngumu zote, zikipiga kwa kasi zinazokaribiana, zitapenya karibu sawa.

Na hapo hoja za wawindaji zinaeleweka. Ya Bell ni mshale: inafika ndani, lakini ni lazima mpigaji ajue pa kuipeleka. .416 ni mshale na rungu pamoja.

Rungu hilo John Taylor, aliyewinda Msumbiji na kuitwa Pondoro, alijaribu kulipima katika kitabu chake cha mwaka 1948. Alizidisha punje, kasi kwa futi na kaliba kwa inchi, akagawa kwa 7,000. .375 hupata 40 na kitu, .300 ya Weatherby 25 na kitu. Watu wamelitafsiri jina la kipimo chake kuwa "nguvu ya kuangusha", na hilo ni kosa. Taylor alikuwa akiuliza tembo aliyepigwa kichwani popoo ikaukosa ubongo atalala bila fahamu kwa muda au ataondoka. Kuanguka si hoja, hoja ni kuzimia. Kipimo cha kuzimisha, kwa hiyo, na kisitumike kwa swala.

Njia ya popoo hewani tuiite tao, kama tao la mlango. Watu husema popoo hupanda ikitoka mdomoni. Haipandi juu ya mstari wa mtutu. Huanza kushuka chini ya mstari huo pale pale, na inaonekana kupanda kwa sababu mtutu umeelekezwa juu kidogo kuliko mstari wa jicho. Kwa mita 200 popoo ya .375 hukaa hewani chini ya theluthi ya sekunde, na kwa muda huo huwa imeshuka takriban sentimita 40 chini ya mstari wa mtutu. Mshuko, siyo mdondoko: kinachodondoka kimeachiliwa, hiki kinaendelea na safari.

Kwa upepo, mabaharia walishatuandalia joshi, upande upepo unakotoka, na demani, upande unakoelekea. Popoo iliyosukumwa na upepo imekwenda demani. Katika pori la miombo, ambako mnyama hupigwa kwa mita chache, mwindaji huuogopa upepo kwa sababu ya harufu yake mwenyewe, na demani litabaki kwa wenye nyika za wazi.

Popoo laini ikipiga hutanuka. Waingereza waliona uyoga. Wanaotazama popoo mpya za shaba, zilizotobolewa ncha ili zifunguke pande nne, wanaona petali. Kuchanua ndilo neno, na linatupa tofauti tatu za bure: iliyochanua imefanya kazi yake, iliyomeguka imepoteza uzito njiani, iliyopasuka imeshindwa kufika. Azimio la Hague la mwaka 1899 lilikataza popoo za kuchanua vitani. Porini mambo ni kinyume: kwa swala na kongoni ni bora ichanue, mnyama afe upesi bila kuteseka, na popoo isipite ikampata aliye nyuma yake.

Weka yote pamoja uone kama yanasimama: "Kiasi cha .416 kina popoo ya punje 410, kasi ya mdomoni mita 720, mshindilio 0.338. Mkumbo wake unaizidi .375 kwa zaidi ya robo, na kikumbo begani vivyo hivyo. Tao lake halitofautiani sana na la .375 hadi mita 150. Popoo ngumu kwa tembo, ya kuchanua kwa simba." Mwindaji wa Rukwa anaweza kuyasoma hayo bila kuhama lugha.

Limebaki moja nisiloliridhia. Popoo nyingine hupoteza kasi upesi hewani, nyingine huihifadhi, na tofauti hiyo ina namba yake. Hisabati itatupa kizigeu, lakini kizigeu cha nini? Nimeandika mkato, kwa kuwa chombo hukata mawimbi na mtu hukata mbuga. Mkato, hata hivyo, ni alama ya uandishi na ni njia ya panya. Nimeandika mchano, kuchana hewa. Kwa sasa naegemea mchano, na aliyekaa na mafundi wa majahazi huenda ana neno lao la chombo kisichoshikwa na maji. Hilo ningelichukua leo hii.